Nguzo

Mimi ndiye ninayefuta.
Saa nne usiku, wageni wakishateremka na lifti,
nasukuma mashine juu ya barafu,
maji moto yananifuata nyuma, na kila alama inakwenda:
makwaruzo ya watoto wa bathidei,
makalio ya maharusi waliokuja kupiga picha,
na maandishi ya Syombua.

Nayajua maandishi yake.
Nane zake zina kiuno chembamba.
Na pale anaporukia pana kidonda kimoja kifupi,
kisha hakuna kitu, kadiri ya meza ya watu wanne,
kisha kidonda kingine, anapotua.
Hapo katikati, pasipoandikwa, ndipo anapokaa.

Alikuja ana miaka minane,
soksi tatu kila mguu, maana viatu vya kukodi
havikuwa na namba ya mtu mdogo hivyo.
Mama yake hupima malori kwenye mizani ya Mlolongo.
Akaniuliza, kwa sauti ya kazini:
"Hii barafu inabeba kilo ngapi?"
Nikamwambia, mama, bado haijakataa mtu.
Jina la mtoto ni la mvua, alizaliwa ikinyesha.
Huku orofa ya tano mvua tumeikamata,
tumeilaza chini, tunailipia stima.

Uwanja wetu ni mdogo, na upande wa kushoto pana nguzo
iliyovikwa godoro la bluu.
Hoteli lazima isimamie kitu.
Kocha Lusweti akapanga mchezo kuizunguka:
mbio, mbio, kata, pumua, ruka.
Dakika mbili na nusu,
zumari na kayamba kutoka spika iliyopasuka.
Stima ikipotea, sote tunasimama tukingoja jenereta,
ila gizani nilisikia vyuma vyake vikiendelea:
krrr, krrr, kata.
Hakuigusa nguzo hata siku moja.

Februari ukapita mchango:
kanisa, wapimaji wenzake mama,
hata madereva aliowahi kuwatoza faini.
Akapelekwa mji wenye baridi ya bure.
Nilimtazama kwa simu ya Mwachofi, mlinzi wa zamu,
skrini ina ufa, picha inakwama na kuruka.
Barafu ya kule pana kama kiwanja cha ndege.
Mbio,
mbio,
kisha akakata.
Peupe, hapana kitu, hapana mtu,
akaizunguka nguzo yetu.

"Amekwepa nini?" Mwachofi akauliza.
Sikumjibu.
Akaruka akseli, akatua kwa mguu na kiganja.
Wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili.

Alirudi Jumanne. Hakusalimia.
Akavaa viatu, vyake sasa, vya mtumba,
ndani limeandikwa jina la msichana mwingine
lenye nukta juu ya herufi.
Akaenda hadi kwenye nguzo, akalipiga godoro konde,
mara mbili, la tatu akalikosa, akacheka.
"Kule," akaniambia, "unakwenda tu.
Unakwenda, na hakuna kinachokurudisha.
Niliogopa, mzee. Si kuanguka. Ile nafasi."

Siku hizi, Jumapili alfajiri, anavaa magurudumu
kwenye uwanja wa malori, nyuma ya mizani.
Matrela yamelala, mama ameshika saa,
na kocha amechora mstari wa chokaa
mrefu kupita uwanja wetu mara tatu.
Lami haishiki maandishi.
Magoti yake ndiyo yanayoshika.

Jana usiku nilifuta barafu yote
isipokuwa mstari mmoja.
Unatoka mlangoni, haujapinda,
unakwenda, unakwenda,
unakomea shibiri moja mbele ya godoro.
Sikuuona akiuandika. Nilikuwa najaza maji.

Asubuhi meneja akasimama juu yake na viatu vya ngozi.
"Mbona hapa pana mtaro?"
Nikasema mashine ilikatika maji,
nitairekebisha jioni.